Mganda wa Liuli Mjini Pune

Mji wa Pune, katika jimbo la Maharashtra nchini India, huanza kusherehekea sikukuu ya Ganesh wiki nyingi kabla siku yenyewe haijafika. Jioni, mvua za monsuni zikitulia, vijana hukusanyika kando ya mto Mutha. Wengine wamejifunga kiunoni ngoma kubwa iitwayo dhol, wengine wameshika tasha, ngoma ndogo yenye sauti kali inayopigwa kwa vijiti viwili vyembamba. Wanapanga safu. Kiongozi ananyoosha mkono, tasha zinaanza, kisha dhol zinaitikia zote kwa pamoja hadi kifua cha msikilizaji kinatetemeka. Mmoja akikosea, wote wanasimama na kuanza upya. Wengi wao ni wanafunzi wa vyuo, wasichana kwa wavulana, na siku ya maandamano watakuwa wamevaa kanzu fupi nyeupe na vilemba vya rangi ya zafarani.

Nilifika Pune mwaka 2004 kusoma shahada ya kwanza. Nilikuwa kijana wa Liuli, mwambao wa Ziwa Nyasa, ambao wakati huo bado ulikuwa ndani ya Wilaya ya Mbinga. Wilaya ya Nyasa ilikuja kumegwa mwaka 2012. Nauli na ada ya kuanzia zilitoka kwenye kahawa ya wajomba zangu wa Litembo, Wamatengo wanaolima kwa mashimo ya ngoro kwenye miteremko ambayo mgeni huogopa hata kuipanda kwa miguu. Watu walinitahadharisha juu ya pilipili na msongamano wa treni. Hakuna aliyeniambia kwamba nitavuka bahari nikakute watu wanacheza mganda.

Kwa asiyeujua: mganda ni ngoma ya wanaume wa mwambao wa Nyasa na wa milima ya Mbinga, na ng'ambo ya ziwa, Malawi, ina ndugu yake aitwaye malipenga. Wachezaji huvaa shati jeupe, kaptula nyeupe iliyopigwa pasi, soksi ndefu na viatu vilivyong'arishwa. Kuna ngoma kubwa moja na ndogo zinazoisindikiza, na kuna mapenga ya vibuyu ambayo hayapulizwi, yanaimbiwa: mwimbaji huweka mdomo kwenye tundu, na utando uliobandikwa mwishoni hutetema ukaibadilisha sauti ya mtu kuwa ya tarumbeta. Kikosi kina vyeo. Kuna kingi, kuna kapteni, kuna daktari, kuna nesi. Baada ya mavuno kijiji kimoja hualika kikosi cha kijiji kingine, na wenyeji ndio wanaopika. Mashindano huweza kuchukua mchana kutwa, na watu huondoka wakibishana nani alipiga hatua safi zaidi. Wanawake wana ngoma yao, kioda, nayo ina sare zake na viongozi wake.

Hatua za mganda ni za kwata. Ulitoka kwenye ukoo mmoja na beni, ile ngoma iliyoanza pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 na kusambaa bara pamoja na askari, matarishi na wapagazi. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Vita ya Kwanza ya Dunia ndiyo iliyoupa mganda nguvu. Liuli yenyewe, ambayo Wajerumani waliita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba wake, iliona vita hiyo mapema kuliko sehemu nyingi za nchi. Agosti 1914 meli ya Kiingereza, Gwendolen, ilikuja pale ikaishambulia meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa ufukweni kwa matengenezo. Wanaume wa pande zote mbili za ziwa wakachukuliwa, wengine askari, wengi wapagazi. Waliobahatika kurudi walirudi wakijua kupanga safu.

Na nani aliyefundisha kwata upande wa pili wa ziwa? Mwaka 1891, Harry Johnston alipokwenda kuusimika utawala wa Kiingereza kule Nyasaland, alikwenda na askari wa Kihindi, wakiwemo Masingasinga wa Punjab. Kwa miaka iliyofuata Masingasinga walikuwa nguzo ya kikosi chake na walimu wa askari wazawa, na kikosi hicho ndicho kilichoingia katika King's African Rifles ilipoundwa mwaka 1902. Nilisoma habari hizo maktabani Pune, nikasimama dirishani kwa muda. Babu zangu walikuwa wameshakutana na Wahindi uwanjani zamani sana, na ngoma yetu ina jasho la watu hao pia.

Lakini kilichonifundisha zaidi hakikuwa Ganesh. Kilikuwa Onam, sikukuu ya watu wa Kerala.

Hosteli yangu ilikuwa na wanafunzi kutoka kila pembe ya India, na pale ndipo nilipoelewa kwamba mtu anaweza kuwa mgeni bila kuvuka mpaka wa nchi. Kerala iko kusini kabisa, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Pune. Kijana wa Kerala akishuka stesheni hajui Kimarathi cha muuza mboga, wali anaouzoea hauoni, na samaki anamkumbuka kama mimi nilivyokuwa nikiwakumbuka usipa wa kukaanga. Mwenzangu wa chumba alikuwa mmoja wao, anasomea famasia. Onam inaangukia Agosti au Septemba. Inamkumbuka mfalme Mahabali, ambaye inasimuliwa kwamba hurudi mara moja kwa mwaka kuwajulia hali raia wake. Hadithi hiyo ni ya Kihindu, lakini Kerala nzima huisherehekea, Wakristo na Waislamu wamo.

Mwezi mmoja kabla, wakubwa wao waliketi kwenye ngazi za hosteli na daftari. Nikaketi karibu, nikasikiliza. Nani ataleta maua ya kupanga zulia mlangoni? Nani atatafuta majani ya mgomba ya kulia chakula, na atayapata soko gani? Jiko kubwa litakodiwa kwa nani? Mchango ulipangwa kwa uwezo: wanaoishi kwa ufadhili mdogo walitoa kidogo na wakapewa kazi zaidi. Wa mwaka wa kwanza walipewa nazi na vitunguu. Wa mwaka wa mwisho, ambao mimi ningedhani wangekaa mbele kama waheshimiwa, ndio waliokuwa wahudumu, wakipita na ndoo wakiwapakulia wadogo zao waliokaa chini safu kwa safu.

Mwenzangu akanyanyua macho kwenye daftari, akaniuliza: "Bhai, unaweza kukuna nazi?"

Siku yenyewe nikapewa mbuzi. Ni mbuzi ileile ya pwani yetu, kigoda cha mbao na chuma chenye meno kilichochongoka mbele, niliyoijua kwa shangazi yangu wa Dar es Salaam. Nilikaa juu yake tangu alfajiri, kijana wa mwaka wa kwanza upande huu na mwingine upande ule, tui likikamuliwa nyuma yetu na kupelekwa jikoni kwenye sufuria. Sikuwa mgeni aliyealikwa kula. Nilikuwa mtu wa nazi. Watu walinijua hivyo mwaka mzima uliofuata, na mtu aliyenihitaji kwa jambo lolote alimwambia mwenzake, muulize yule wa nazi. Chakula chenyewe, sadya, kina vyakula zaidi ya 20 kwenye jani moja, na kila kimoja kina mahali pake: achari kushoto juu, ndizi kushoto chini, wali katikati. Nilivila vyote. Hata hivyo ninachokikumbuka kwanza ni harufu ya nazi mikononi iliyogoma kutoka kwa sabuni.

Jambo lililonigusa ni kwamba hakuna hata mmoja aliyesimama kuhutubia juu ya kulinda utamaduni. Hawakuwa na nafasi. Kila mtu alikuwa na kazi, kazi ilikuwa na msimamizi, na msimamizi alikuwa ameifanya kazi hiyohiyo alipokuwa mdogo.

Sisi Watanzania tulikuwa na sherehe zetu pia, 26 Aprili na 9 Desemba. Zilikuwa nzuri. Kulikuwa na pilau, hotuba ya mgeni rasmi, bendera, Bongo Fleva hadi usiku, picha nyingi za kutuma nyumbani. Lakini kazi ilikuwa ya watu watatu au wanne ambao kila mwaka walimaliza wamechoka na wamekasirika, na wengine sote tulifika saa ya kula. Tofauti hiyo haikutokana na upendo wa nchi. Nimewaona Watanzania kule wakilia kwa wimbo wa taifa. Ni kwamba sherehe yetu haikuwa na mahali pa kumweka mtu zaidi ya kwenye kiti.

Pune ni mji unaowajua wageni. Taasisi ya Symbiosis ilizaliwa hapo mwaka 1971 kwa sababu ya mgeni. Dakta S. B. Mujumdar, mwalimu wa botania katika Chuo cha Fergusson, alimwona msichana akimpitishia chakula dirishani mwanafunzi wa Mauritius aliyekuwa akiugua manjano peke yake hosteli. Mwalimu yule akaona kwamba wanafunzi wa kigeni wanahitaji mahali pa kukutana na wenyeji, akaanzisha kituo ambacho leo ni chuo kikuu. Nimeisimulia habari hiyo mara nyingi tangu nirudi. Mji wenye kumbukumbu ya namna hiyo unastahili heshima, hata pale ambapo mtu mmojammoja ndani yake hakutuelewa.

Na kulikuwa na asiyetuelewa. Mwaka wangu wa pili tuliitwa kuonyesha ngoma kwenye siku ya tamaduni za wanafunzi wa kigeni. Mratibu wa shughuli alitaka kuona mavazi kwanza. Nikampelekea picha iliyopigwa kwetu: wanaume wamesimama safu mbili mchangani, weupe mtupu, soksi hadi magotini, kapteni mbele na filimbi yake. Akaitazama, akasema kwa upole kwamba hiyo ni sare ya bendi ya shule. Hadhira ingependa kitu cha Kiafrika zaidi. Je, hatuna ngozi? Hatuna manyoya?

Lililoniuma zaidi ni kwamba baadhi yetu walikubaliana naye. Kikao kilifanyika chumbani kwa kaka mmoja wa Mwanza, na pakatolewa pendekezo la kununua kitambaa chenye madoa ya chui. Aliyelizima ni dada mmoja kutoka Malawi, wa Nkhata Bay, ng'ambo kabisa ya Mbamba Bay, ambako MV Songea ilikuwa ikivuka kutoka kwetu. Alikuja kama rafiki tu, akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Kaka zangu, babu yangu sijawahi kumwona na ngozi ya chui. Nimemwona na soksi nyeupe, na alizifua mwenyewe."

Huyo dada aliliita ziwa kwa jina la nchi yake na sisi kwa la kwetu, na serikali zetu zina ubishi juu ya mpaka ulioandikwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1890. Chumbani mle hatukuugusa. Alizijua nyimbo nyingi kuliko mimi, na hilo lilitosha.

Mimi nilisimama kumtetea kwa habari za babu yangu mzaa baba. Babu alikwenda Tanga kama manamba kukata mkonge, kama walivyokwenda wanaume wengi wa kusini, Wangoni, Wamatengo na Wanyasa, wakiacha vijiji vyenye wake na wazee. Alisimulia kwamba kambini, Jumapili, kila kabila lilicheza la kwake, na watu wa Nyasa walicheza mganda. Ngoma waliziwamba kwenye pipa. Kaptula walishonewa na fundi wa Kihindi pale madukani, kwa deni la mwezi. Na kikosi hakikuwa cha Jumapili tu. Mtu akiugua, aliyekuwa na cheo cha daktari ndiye aliyepaswa kwenda kumwona na kuitisha mchango. Mtu akifa mbali na kwao, kingi ndiye aliyesimamia sanda na barua ya nyumbani. Mwenye deni na mwenye kudai walipatanishwa na kapteni. Nilipokuwa mdogo nilidhani vyeo vile ni vya mchezo. Kwa babu vilikuwa ndiyo serikali pekee iliyomjua kwa jina.

Yaliyotokea Tanga yalitokea pengine pia. Kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, vijana Wabisa walicheza kalela wakiwa na suruali safi na viatu vinavyong'aa, nao walikuwa na mfalme wao, daktari wao na nesi wao. Mwanaanthropolojia J. Clyde Mitchell aliichunguza pale Luanshya na kuchapisha uchunguzi wake mwaka 1956. Wazungu wengi waliona kichekesho cha watu wanaowaiga. Mitchell aliona watu wa vijiji vya mbali wanaojaribu kujulikana wao ni nani katika mji uliowachanganya na wageni wa kila aina.

Kwa hiyo hoja yangu ilikuwa hii, na ninaishikilia hadi leo: mganda ulikua mikononi mwa watu walioondoka kwao. Ni ngoma ya ugenini tangu ujana wake. Kuuvua soksi na kuuvika chui ili ufanane na picha iliyo kichwani mwa mratibu ni kuwafuta babu zetu jinsi walivyokuwa kweli, watu waliopokea kwata ya mtawala wakaigeuza kuwa chombo cha kuzikana na kusaidiana. Tukapiga kura. Soksi zikashinda.

Sasa kazi ikaanza, na hapa nataka niende polepole.

Tatizo la kwanza lilikuwa mapenga. Vibuyu vibichi havikosekani Pune; Wahindi hupika dudhi kama sisi tunavyopika mumunya, na soko la Mandai limejaa. Lakini huvunwa vichanga, ganda halijakomaa, na kimoja tulichojaribu kukausha dirishani kiliozea palepale. Rafiki wa kikundi cha dhol akatupeleka kwa fundi wa ala za muziki katika mitaa ya zamani ya mji. Ndani ya duka lake, darini, vilining'inia vibuyu vikavu vikubwa mno, kwa ajili ya sitar na tanpura. Maharashtra ina utaalamu huo: mji wa Miraj unajulikana India nzima kwa mafundi wake, na vibuyu hulimwa upande wa Pandharpur. Mzee akauliza tunataka kupiga ala gani. Nikamwonyesha kwa mdomo, nikakiimbia kibuyu kitupu alichonipa. Akatulia kidogo, akaingia ndani, akatoka na vibuyu vidogo vya ektara, ala ya uzi mmoja ya waimbaji wa dini. Akatoboa kimoja ubavuni kwa kekee, mahali nilipomwonyesha, akakata ncha kwa msumeno mwembamba kama wembe.

Utando ulikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Kwetu tunatumia ule mweupe ambao buibui hufunikia mayai yake ukutani, ulio kama karatasi nyembamba, unaobanduliwa polepole kwa kucha. Hosteli ile ilikuwa ya zamani na kuta zake hazikukosa. Tukazunguka varanda na tochi, dada wa Nkhata Bay akituonyesha upi mzima na upi umekwisha kutobolewa. Tukabandika kwa gundi. Penga la kwanza lilipolia, vijana wa ghorofa ya juu walitoka kuuliza nani amenunua tarumbeta.

Ngoma tuliazimwa na wale wa mtoni. Walitupa dhol mbili na tasha moja, wakatupa pia kona ya uwanja wao, saa yao ikiisha. Wawili wao wakabaki kupiga. Walielewa mara moja kinachotakiwa, kwa sababu waliuelewa mpangilio: safu, kiongozi, ishara ya mkono, kuanza upya mmoja akikosea. Mwenzetu wa Pemba, aliyekulia kwenye maulidi ya homu, ambako safu nzima huinama na kuinuka kama mwili mmoja, alishika haraka kuliko wote, akapewa ukapteni. Wa Moshi na wa Mwanza walijifunza. Mkenya mmoja alikuwa nesi, kwa kuwa nesi wa mganda anaweza kuwa mwanamume na anapaswa kuwa na madaha, naye aliyajua. Mwenzangu wa chumba, yule wa famasia, nilimfuata na swali lilelile alilonipa mimi. Akawa daktari. Alibeba mkoba mweupe wenye msalaba mwekundu, na katikati ya mchezo alitoka kwenye safu kumpima mapigo mchezaji aliyejifanya amezidiwa. Dada wa Malawi akachukua wasichana wa Kitanzania na kuwafundisha kioda, kwa vitenge vya sare vilivyotumwa kutoka nyumbani.

Tulicheza. Mratibu wetu alikuwa mstari wa mbele. Kapteni alipokagua safu, akisimama mbele ya kila mmoja na kutazama soksi na kucha, watu walianza kupiga makofi kwa mwendo wa ngoma kabla hatujaimba neno. Vijana wa dhol waliokuwa kwenye hadhira waliijua lugha hiyo vizuri. Mwaka uliofuata tulialikwa tena, na manyoya hayakuulizwa.

Tulidumu kwa muda niliokuwa pale. Nilipomaliza na kurudi, wengine nao wakamaliza, na baada ya mwaka mmoja au miwili mganda wa Pune ulikufa. Mapenga yalibaki kwenye sanduku la mtu. Onam ya hosteli ile ipo hadi sasa. Mwenzangu wa chumba hunitumia picha, watoto ambao hatukuwahi kuwajua wamekaa kwenye mbuzi ileile au iliyofanana nayo. Nimelifikiria jambo hili kwa miaka. Hatukuzidiwa kwa idadi tu. Kijana anayeshuka Pune kutoka Kerala amekwisha kuchuma maua ya Onam kwao, amekwisha kutumwa majani ya mgomba, amemwona mama yake akipanga jani. Anafika anajua kazi, anachohitaji ni daftari. Kijana anayeshuka kutoka Tanzania anafika anajua kwamba tuna ngoma nyingi. Ameziona kwenye mbio za Mwenge, au siku ya ziara ya waziri, akiwa amesimama nyuma ya kamba. Hakuwahi kupewa hata filimbi ya kushika.

Na tumekuwa na wa kuwatazama muda wote huu. Dar es Salaam, mitaa ya Kisutu, familia za Kihindi zimekuwa zikiwasha taa za Diwali na kucheza Navaratri kwa zaidi ya karne moja, vizazi ambavyo vingi havijawahi kuishi India. Watoto wanapewa fimbo za dandia kabla hawajaanza shule. Mimi nilizoea kuzipita sherehe hizo kwa nje, nikisikia muziki juu ya ukuta, na nina hakika Watanzania wengi ni hivyohivyo. Jirani wa miaka mia moja hatujawahi kumwambia akune nazi yetu, wala yeye hajatupa fimbo yake.

Sasa mkondo umeanza kuja huku. Mwaka 2023 taasisi ya IIT Madras ilifungua tawi lake Zanzibar, pale Bweleo, la kwanza la IIT nje ya India. Kuna walimu na wanafunzi wa Kihindi watakaopitisha Diwali na Holi zao visiwani, mbali na mama zao, kama mimi nilivyopitisha Krismasi zangu Pune. Wenyeji wao wasiishie kuwatakia heri. Waende jikoni, waombe kazi. Na siku ya maulidi au ya Mwaka Kogwa wa Makunduchi, wawape kazi.

Lami imefika Mbamba Bay kutoka Mbinga, kilomita 66 ambazo zamani zilimaliza siku nzima wakati wa mvua, na watoto wetu wataondoka wengi zaidi na mapema zaidi. Ninawaomba wakuu wa shule za sekondari za mwambao, kuanzia Lituhi, Liuli, Mbamba Bay hadi Chiwanda, na wa milimani Litembo na Maguu: undeni vikosi vya mganda na kioda vyenye vyeo kamili, si vya kuburudisha wageni. Kingi wa shule asimamie mchango wa mwanafunzi aliyefiwa. Daktari wa kikosi awe ndiye anayekwenda kumwona aliyelazwa. Wazee wanaojua kuwamba ngoma na kutengeneza penga bado wapo vijijini. Waiteni na muwalipe kama mnavyomlipa fundi yeyote, kwa sababu ni mafundi.

Na wewe kijana unayengoja viza, kabla hujapanda basi la Songea, tafuta kikosi kilicho karibu na kwenu ukaombe nafasi ya ngoma ndogo. Kaa hapo mpaka wakuache upige siku ya mashindano. Ukifika huko uendako, Pune, Guangzhou au Istanbul, omba kazi kwenye sikukuu ya wenyeji wako. Kisha fungua daftari, uandike majina yao kwenye kikosi chako.